Dakika Nne za Salamu

Chumba cha kurekodia hakikuwa na dirisha. Kuta zake zilifunikwa kwa sponji ya magodoro ili sauti isirudi, na katikati paliwekwa meza, taa mbili kali na kamera ndogo iliyonitazama bila kupepesa. Niliambiwa niitazame kana kwamba ni uso wa mwanafunzi. Nilijaribu. Nimefundisha maadili kwa zaidi ya miaka ishirini katika kumbi za Lubumbashi, na siku zote nimefundisha nikitembea, kutoka ubao hadi mlango, kutoka mlango hadi dirisha. Siku hiyo fundi wetu wa jukwaa la masomo ya mtandaoni alibandika utepe mweupe sakafuni akaniomba nisiuvuke, maana nikiuvuka nitatoka kwenye picha.

Fundi huyo ni mtu wa ukoo wa washonaji waliotoka Maniema, mwenye adabu, anayefunga kazi saa ya swala na kurudi bila kuchelewa. Tulipomaliza somo la kwanza alilisikiliza tena, kisha akaniambia kwa upole kwamba salamu zangu zilichukua dakika nne nzima. Ndivyo nilivyozoea kuanza: kuwauliza wameamkaje, kuuliza habari za waliotoka mbali, kumpa pole aliyefiwa ikiwa nimesikia, na ndipo somo.

"Prof," akasema, "kule mukini, ku bijiji, bantu banalipiaka ma méga ya internet. Ukibasalimia dakika ine, beko banalipia salamu."

"Kata," nikamwambia, naye akakata.

Sikubishana, na ni lazima nieleze kwa nini, maana mambo yote yaliyofuata yanatoka hapo. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeishi nikizingirwa na maombi. Binamu wa mke wangu, padri wa parokia, jirani yetu wa mtaa wa Makomeno aliyenisaidia nilipojenga ukuta, kila mmoja alikuwa na mtoto katika darasa langu, na kila mmoja alipita nyumbani kusalimia tu. Nilijifunza kuiogopa salamu. Nilijua kwamba baada ya habari za afya na habari za watoto litakuja jina la mwanafunzi, na baada ya jina, ombi la maksi. Niliwakataa wote, na kwa kukataa nikapata sifa ya mtu mgumu, sifa niliyoivaa kama koti la Jumapili. Jukwaa lilipokuja nililipokea kama mwenzangu katika mapambano. Mashine haimjui binamu wa mtu. Haiketi sebuleni kwako ikanywa chai. Kwake mwanafunzi ni namba, kazi yake ni faili, na saa aliyoituma imeandikwa. Baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba utu unapotea. Mimi nilisimama kikaoni nikawaambia kwamba haki ndiyo utu wa kwanza, na kwamba haki haina haja ya kujua habari za nyumbani. Walinipigia makofi. Bado nayasikia makofi hayo, wala hayanipi raha.

Mwaka huo mama yangu alifariki, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Tulikaa kilio nyumbani, turubai limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye mparachichi, wanawake wakipika bukari, ugali wetu, katika masufuria ya kuazima. Masomo yangu yote yalikuwa yamekwisha kurekodiwa. Kwa hiyo, wakati mimi nimeketi kwenye kiti cha plastiki nikipokea mikono ya watu, sura yangu ilikuwa ikiendelea kufundisha katika simu za wanafunzi, imevaa suti ya kijivu, ikitabasamu mahali palepale nilipotabasamu siku ya kurekodi. Wanafunzi wa mjini walikuja, kama ilivyo desturi yetu kwa mwalimu aliyefiwa. Walibeba viti, wakaimba, wakakesha. Wale wa mbali, wanaosoma kwa simu tu, sikuwafikiria hata kidogo.

Mwezi wa sita, baridi ya kiangazi ikiwa imetufanya sote tuvae sweta asubuhi, zikaingia kazi za mwisho. Nilikuwa nimewapa swali moja: eleza wajibu mmoja ulioshindwa kuutimiza, na useme ukweli kuhusu sababu yake. Nililiona kuwa swali zuri. Kabla sijaanza kusahihisha, jukwaa lilinitumia taarifa yenye alama nyekundu. Kazi tatu za wanafunzi watatu wa Lukafu, mbali na mji, zilikuwa zimetumwa kutoka simu moja, alasiri moja, moja baada ya nyingine. Kanuni niliyoiandika mwenyewe mwanzoni mwa mwaka ilisema kila mtu na simu yake, kila mtu na kazi yake. Nilibonyeza mahali palipoandikwa udanganyifu, mara tatu, na mara tatu jukwaa likaweka sifuri. Kufunga kamba za viatu kunachukua muda mrefu zaidi.

Kwa wawili kati yao, maana yake ilikuwa kurudia somo langu. Wa tatu alikuwa mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi, na kwake maana yake ilikuwa kubwa zaidi. Alikuwa mwaka wa mwisho wa mpango wa zamani wa masomo, ambao chuo chetu kilikuwa kinaufunga. Asipopita mbele ya jury, yaani baraza la walimu linaloamua nani amefaulu, angerudishwa mwaka wa kwanza wa mpango mpya kana kwamba hajawahi kusoma. Miaka yake yote ya kusoma kwa simu, baada ya kazi ya darasani na kazi ya shamba, ingefutwa. Sitasema sikujua. Ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa uleule ambapo nilibonyeza.

Alinipigia simu mara ya kwanza siku ya Jumanne, saa sita mchana. Upepo ulikuwa ukivuma ndani ya sauti yake. Alijitambulisha, akauliza tumeamkaje, akauliza habari za madame, habari za watoto, habari za baridi ya Lubumbashi. Nilimjibu kwa ufupi, kisha nikamwuliza shida ni nini.

"Prof," akasema, "mbele ya ile," yaani kabla ya hiyo shida, na simu ikakatika.

Baada ya siku mbili, saa ileile, akapiga tena. Tukaanza upya: tumeamkaje, madame, watoto, wakubwa wa nyumbani. Nilisimama katikati ya ofisi nikiwa na funguo mkononi, nikimngoja afike kwenye ombi, maana nilikuwa na jibu tayari na nilitaka kulitoa. Simu ikakatika kabla hajafika. Nilijiambia kwamba namfahamu mtu wa namna hii. Nimewaona mia moja sebuleni kwangu.

Mara ya tatu ilikuwa Jumapili, tukiwa mezani. Mke wangu aliisikia sauti yake, kwa kuwa niliiweka simu kando ya sahani ili niendelee kula. Salamu zilikwenda mbali zaidi siku hiyo. Alifika kwa ndugu zangu, akataka kujua kama wale waliokuja kutoka Kasai walirudi salama, na hapo ndipo ilipokatika. Mke wangu aliuliza ni nani. Nikamwambia ni mwanafunzi aliyedanganya, na sasa anazunguka.

"Anakusalimia mpaka ma unité ya simu inamuishia," akasema, "na we unasema anazunguka. Mupigie, Papa."

Nilimweleza kwamba sipigii wanafunzi simu kwa habari ya maksi.

"Nani amekuambia ni habari ya maksi?"

Nikamwuliza ingeweza kuwa habari gani nyingine. Aliondoa sahani yangu ya bukari mezani nikiwa sijamaliza, akaipeleka jikoni.

Tangu siku hiyo sikuweza kutulia. Nilikuwa nikifungua kitabu na kukisoma nimesimama, ukurasa mmoja mara tatu. Nilitembea Makomeno kutoka mwisho mmoja wa barabara hadi mwingine, nikarudi, nikatembea tena, hata jirani aliyezoea kuniona na gari akaniuliza kama limeibiwa. Sikuwa na shaka na hukumu yangu. Nilichotaka ni kuikamilisha, kuifunga isitikisike. Niliwaza kwamba akikata rufaa mbele ya jury nitahitaji ushahidi kwenye karatasi, na siku ya Jumatatu, jury ikiwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo, nikaenda ofisini kwa fundi wa jukwaa nikamwomba anichapie taarifa yote ya wanafunzi hao watatu.

Alifungua faili, akatazama kioo, akasita.

"Prof, nichape yote?"

"Yote."

"Kuko colonne moja ya mwisho. Inaonyeshaka mwalimu alifungula kazi mara ngapi. Naweza kuitosha."

Nilimwambia asiondoe chochote, ukweli hauogopi safu. Aligeuza kioo kuelekea kwangu, akatazama mikono yake. Mbele ya kila jina kati ya yale matatu, katika safu ya mwisho, paliandikwa sifuri. Si zile sifuri nilizowapa. Hizi zilikuwa zangu.

Sikuwa nimezisoma. Niliona alama nyekundu, nikabonyeza, nikaenda zangu. Mwalimu wa maadili aliuliza watu swali la dhamiri, wakajibu, naye akawahukumu bila kufungua barua. Mashine niliyoisifu kwa kutomjua binamu wa mtu ilikuwa haijanijua na mimi vilevile. Iliandika nilichofanya, kama ilivyoandika walichofanya wao.

Nilizisoma hapohapo, nimesimama nyuma ya kiti cha fundi, kwa kuwa sikutaka kwenda nazo nyumbani kabla ya kujua. Mmoja alikuwa mkulima mzee, aliyeandika jinsi alivyomwacha kaka yake agombane peke yake na chifu kwa ajili ya shamba. Wa pili, muuguzi wa zahanati, aliandika jinsi alivyomwambia mgonjwa arudi kesho. Hazikufanana hata kwa sentensi moja. Ya yule mwalimu wa shule niliisoma mwisho. Aliandika kwa Kifaransa cha shuleni, kilichonyooka kama mistari ya daftari, nami natafsiri.

Alieleza kwamba simu ni yake lakini wanaosomea ni watatu. Betri wanaichaji kwa jirani mwenye sahani ya umeme wa jua. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja kirefu kilicho nyuma ya shule, nao watatu hupanda hapo saa sita, wakati wa mapumziko ya kazi, wakisikiliza somo pamoja. Kisha kila mmoja husema jibu lake, na yeye huandika, kwa kuwa vidole vya wenzake havijazoea kioo. Yeye mwenye simu hutuma mwisho, maana mwenyeji hawezi kula kabla ya wageni. Mara moja betri ilikufa kabla ya zamu yake, akapoteza maksi za robo mwaka. Basi wiki moja iliyofuata, muuguzi alipokuja kutuma kazi yake, mwalimu alimwambia mtandao haupo. Muuguzi akarudi kwa mguu, mwendo wa saa mbili. Mwalimu akapanda kichuguu peke yake, akatuma ya kwake. "Huo ndio wajibu nilioshindwa," aliandika. "Neno lake ni udanganyifu. Kesho yake nilimwambia, lakini njia alikuwa ameshaitembea."

Neno nililolibonyeza mara tatu, yeye alikuwa ameliandika mara moja, mahali linapostahili. Na maelezo ya simu moja, yale niliyokuwa nikimngoja ayatoe ili niyakatae, yalikuwa mezani kwangu tangu mwanzo.

Nilimwuliza fundi tufanye nini. Akasema maksi zimefungwa tangu Jumamosi, na njia iliyobaki ni moja: niwahoji tena kwa mdomo, mbele ya kamera au ana kwa ana, na nilete ripoti iliyosainiwa kabla ya jury ya Ijumaa. Kwa kamera haiwezekani, mtandao wa kule haubebi picha ya moja kwa moja. Siku nzima ya Jumanne nilipiga ile namba. Haikupatikana, hata saa sita. Jumatano alfajiri nikapanda lori la wafanyabiashara wa mahindi waliokuwa wanakwenda Lukafu.

Sikumbuki safari nyingine iliyonichosha kwa kuketi tu. Kwanza malori ya madini ya Kinsevere yalitufunika kwa vumbi jekundu hata dereva akawasha taa. Baadaye barabara ikawa yetu peke yetu, majani yamechomwa pande zote mbili, vichuguu vimesimama katikati ya weusi huo kama nyumba ambazo wenyewe wamehama. Nilikuwa nageuka kulia, nageuka kushoto, natoa saa mfukoni, narudisha. Nilikuwa nahesabu: tukifika saa nane, mahojiano saa tisa, lori linarudi alfajiri. Dereva alinivumilia kwa muda mrefu.

"Prof, ikala tu muzuri," akasema mwishowe. "Unachokesha kiti."

Shule ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bila vioo madirishani. Nilimwona kabla hajaniona: mwanamke wa miaka arobaini hivi, kitambaa cha kijani kichwani, akisoma imla huku akipita kati ya madawati. Aliponitambua, nadhani kwa sababu ya ile suti ya kijivu ya kwenye video, alimaliza sentensi aliyokuwa akiisoma. Akairudia mara ya pili ili watoto waandike. Ndipo akatoka, akapiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi ya heshima taratibu, kama wanavyomsalimu mkubwa katika nchi hiyo.

Nilianza kusema kwamba nimekuja kwa ajili ya kazi yao, na kwamba muda ni mfupi.

"Prof," akasema bila kuinuka, "mbele ya yote."

Aliniletea kigoda, akaniletea maji, akamwomba mtu aliyekuwa akipita na baiskeli awaite wale wawili. Alirudi darasani akafunga imla. Nami nikabaki pale kivulini, lori langu likishusha magunia, saa yangu ikitembea, bila ruhusa ya kusema nilichokuja kusema. Walipofika, mkulima mwenye umri mkubwa kuliko wangu na muuguzi aliyevaa koti jeupe, waliketi wote watatu mbele yangu kwenye mkeka. Mwalimu alikuwa amebeba mfuko mdogo wa kitambaa. Aliuweka miguuni pangu.

"Prof, tulisikia mama yako alikufa. Hatukufika ku kilio, njia iko mbali. Tuliweka kamufuko ka maharagi, tukasema siku lori itaenda tutatuma. Lori yote ilikuwa inajaa. Pole sana."

"Pole, Prof," wakasema wale wengine.

Nilisahau habari ya saa. Maharagwe hayo yalikuwa yamenisubiri tangu mwisho wa mvua, miezi mitatu, na mfuko ulikuwa umeshonwa mdomo kwa uzi mweupe ili wadudu wasiingie.

"Njo maana nilikupigia mara tatu," akaendelea. "Ma unité inakatika tu mbele ya kufika ku pole."

Nilimwuliza kwa nini hakutaja ile sifuri kwanza, hata kwa neno moja, au hata kwa ujumbe wa maandishi.

"Niombe maksi mbele ya kukupa pole? Na pole banaandikaka mu message?" Alinitazama kwa mara ya kwanza usoni. "We mwenyewe ungenionaje?"

Mkulima alikohoa, akataka kulainisha mambo.

"Shiye tulichanganyikiwa, Prof. Groupe ya wanafunzi inasema uko mu kilio. Tunafungula simu, uko unacheka, unafundisha. Huyu mama akasema, pengine njo vile bantu ba Lubumbashi banaliaka."

Muuguzi alificha mdomo kwa mkono. Nilicheka pamoja nao, kisha ikanibidi nigeuke nitazame lori.

Hapo ndipo niliposema kilichonileta. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno yenye mpangilio, na hayakufaa. Niliwaambia sikusoma kazi zao. Niliona simu ni moja, nikaandika udanganyifu.

Mwalimu akauliza: "Hata moja?"

"Hata moja."

Aligeuza uso kuelekea darasani, ambako watoto walikuwa wameanza kupiga kelele.

"Niko na batoto makumi saba, Prof. Ninasomaka yote."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu wa kazi anavyomwambia mtu wa kazi. Hakuna karipio nililowahi kupewa, tangu shule ya mapadri hadi leo, ambalo limekaa ndani yangu namna hiyo.

Niliwahoji tukiwa juu ya kichuguu, kwa kuwa walitaka nipaone. Kulikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye udongo na, kileleni, mahali palipolainishwa na makalio ya watu watatu. Magoti yangu yalilalamika wakati wa kupanda, na mwalimu aliliona hilo. Simu ilikuwa imezima tangu Jumatatu, mawingu yalikuwa yameinyima ile sahani ya jua. Nilimhoji kila mmoja nusu saa, bila karatasi. Wengine walisikiliza, kama walivyozoea, na sikuwafukuza. Nilipofika kwa mwalimu nilimwuliza kwa nini alichagua kuandika juu ya aibu ile, akijua kwamba mwenye kuisoma anaweza kumdhania mabaya, wakati angeweza kuandika jambo dogo.

"Shi we uliuliza ukweli?" akasema.

Niliandika maksi yake hapohapo. Yeye ndiye aliyepata ya juu.

Siku ya Ijumaa, saa moja kabla ya jury, fundi alinifungulia fomu ya kurekebisha maksi zilizofungwa. Palikuwa na mstari mmoja wa kujaza: sababu. Yeye ni mtu mwema, na alinitafutia njia ya wema.

"Tuandike tu panne ya réseau, Prof. Hakuna mwenye ataumia."

Nilisimama, nikaenda hadi dirishani, nikarudi. Alikuwa anasema kweli, hakuna ambaye angeumia. Mtandao unakatika kila wiki, kila mtu angeamini, mwalimu wa Lukafu angepita vilevile, na koti langu la Jumapili lingebaki bila doa. Nilizunguka chumba hicho mara ngapi sijui. Lakini kule juu ya kichuguu mtu aliyekuwa na miaka yake yote ya kupoteza alikuwa ameandika neno baya kwa mkono wake, juu ya nafsi yake, kwa sababu tu mimi niliuliza. Niliketi nikaandika: mwalimu hakusoma kazi kabla ya kuhukumu.

Mkuu wa jury aliisoma fomu mara mbili, akaniita pembeni. Aliniomba nibadilishe. Alisema nikiandika hivyo, wanafunzi wote niliowapa sifuri miaka iliyopita watakuja kuuliza. Nikamwambia waje, na kwamba nimekwisha kumwomba fundi orodha yao, safu ya mwisho ikiwemo. Alinitazama kama mtu anayemtazama jirani aliyechoma moto nyumba yake mwenyewe. Wajumbe wa jury walibishana nusu saa, mimi nikiwa nje, nikitembea kwenye varanda. Waliponiita ndani walisema maksi tatu zimepokelewa, na kwamba somo langu halitarekodiwa upya hadi kamati iangalie mwenendo wangu. Nilishukuru kwa yote mawili.

Orodha ninayo. Ni ndefu kuliko nilivyotaka. Baadhi ya namba hazipatikani tena.

Siku ya Jumamosi, saa sita, nilimpigia. Nilikuwa nimesimama mlangoni nyumbani, viatu vya kandambili miguuni. Simu iliita, upepo ukavuma, naye akaanza: nimeamkaje, nilirudije, madame yuko namna gani, maharagwe yameiva au yaligoma. Nikamwambia madame ameyapika jana na kwamba ametuma shukrani. Nilimwuliza habari za muuguzi, habari za mkulima, kama yule kaka amepata shamba lake. Alinieleza yote, kwa utaratibu. Kisha akaniuliza habari ya magoti yangu, na katikati ya jibu, simu ikakatika. Unité zilikuwa zangu, na zilikuwa zimekwisha.

Nilikimbia. Sikuwa nimekimbia barabarani Makomeno tangu nikiwa na miaka ishirini. Mama anayeuza unité chini ya mwavuli kwenye kona aliinuka aliponiona, akidhani kuna msiba mwingine. Nilikwangua kadi kwa ukucha, nikakosea namba, nikairudia, nikapiga.

"Prof," akasema, na nikasikia anacheka, na wale wawili wanacheka nyuma yake, "kumbe hata we inakuishiaka?"

"Hata mimi," nikasema.

"Sawa. Tulifika ku magoti."

Nikamwambia magoti yanaendelea vizuri. Nikamwuliza habari za wale watoto makumi saba. Kisha nikamwambia amepita.